Skana Tatu za Masjala

Nchi ilipofungua soko lake kwa bidhaa za nje, mashine ziliingia ofisini kwetu Dodoma kila moja kwa mlango wake. Masjala, chumba chetu cha mafaili, ilipata skana tatu kutoka kwa wafadhili watatu, na hakuna hata mbili zilizoelewana. Ya kwanza ilipima karatasi kwa milimita, ya pili kwa inchi. Ya tatu, ukiiambia iongeze mwanga, ilileta giza. Mimi ndiye niliyezijua tabia zao. Wakubwa wenye suti walisimama mlangoni wakinibembeleza, nami nilimaliza chai yangu kwanza. Nilikuwa karani tu, lakini mle ndani nilijiona mfalme.

Kisha akaletwa binti aliyetoka chuo kikuu. Asubuhi ya kwanza aliniamkia, akaweka mezani zabibu za Makutupora, akazichunguza mashine zangu huku akicheka peke yake. Alisema programu zinazoziendesha huandikwa na watu wa kujitolea huko nje, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Angezipanga upya ili kila kipimo kiwe na jina moja na kihesabiwe namna moja kwa skana zote, kisha awatumie wale watu kazi yake kwa barua pepe.

"Mtu akijua moja, amezijua zote," alisema.

Nilitabasamu, lakini moyoni niliungua. Zabibu zake sikuzigusa.

Alihangaika wiki tatu, akiniuliza kila kitu, nami nikimjibu kwa mkato. Siku moja akauliza, "Kaka, urefu wa karatasi nikiweka A4 kwa zote, ni sawa?"

Haikuwa sawa. Mafaili yetu ya zamani yalikuwa ya fulskepu, karatasi ndefu kuliko A4, na wazee wa enzi hizo walisaini chini kabisa. Kila siku nilikuwa nikirefusha kipimo mwenyewe, bila kumwambia mtu.

"Sawa tu," nikasema.

Wiki iliyofuata wakubwa walianza kuskani wenyewe. Walinipita na "habari za kazi" ya haraka, basi. Nilisubiri mambo yaharibike, tena kwa hamu. Ijumaa mkuu wa idara akatuita sote wawili. Hati za viwanja za wiki nzima hazikuwa na saini hata moja, picha zote zilikatwa chini.

"Nani amepanga urefu huu?"

Binti alikuwa na haki ya kusema kwamba aliniuliza. Nami nilishajiandaa kukana.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nilifanya haraka. Tutarudia zote."

Jumatatu aliongeza fulskepu kwenye programu, akanipa barua yake kwa wale watu wa programu niisome kwanza kabla hajaituma. Aliandika kwamba anayejua urefu wa mafaili haya ni mwenzake wa masjala, na akaomba jina langu liwekwe kwenye orodha ya waliochangia.

"Lakini mimi nilikwambia A4 ni sawa," nikasema. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

"Najua, kaka. Wewe nitazamie tu hicho Kiingereza changu."

Nilisahihisha maneno mawili, nikamrudishia. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye asubuhi ile.