Sindano Isiyoandikwa

Mimi na Mejumaa ni mawifi, na mawifi hawasifiani ovyo. Kwa hivyo nikikwambia hapakuwa na mkono kama wake Mji wa Kale mzima, jua nasema kweli. Alikuwa akipika na kuuza manda za sambusa, yale maganda membamba ya unga ya kufungia nyama. Husukuma madonge, hupaka mafuta, huyapandanisha, husukuma tena mpaka yawe mapana na membamba, kisha huyaweka juu ya chuma cha moto. Zikiwa bado zafuka moshi, huzibandua manda moja moja kwa ncha za vidole, na haipasuki hata moja. Mimi nikijaribu hutoa matambara. Naye hunicheka, "Wifi, hizo wapelekee paka."

Ni dada wa mume wangu, mjane, twaishi nyumba moja. Shaaban ya mwaka wa tisini na nne, watu washaanza kuagiza manda za Ramadhani, akashikwa na malaria kali. Nikampeleka kliniki kwa Daktari Mbwana, mtu wa mtaa wetu, husali msikiti mmoja na mume wangu. Akadungwa sindano ya kwinini takoni, akalazwa kitandani. Alasiri homa ikapanda tena. Mimi nikatoka kumtafutia maji ya kunywa. Nilikuwa ukumbini na gilasi mkononi niliposikia ukelele, "Umeme! Wanipiga umeme!"

Nilipoingia, daktari alikuwa ashaondoka kwenda kwa mgonjwa mwengine. Mejumaa kashika mkono wa kulia, katikati, chini kabisa ya pale watu wanapodungwa. Alisema daktari amekuja mbio, amempandisha mkono wa kanzu, amemdunga ya pili papo hapo. Mimi sikuiona. Hilo neno "sikuiona" limenila roho miaka minne.

Asubuhi yake kiganja kikaanguka. Anyanyue mkono, kiganja chaning'inia, vidole havifunguki. Tukarudi kliniki. Daktari Mbwana akautazama, akaugeuza, akasema utarudi wenyewe. Ramadhani ikaingia, ikatoka, mkono haukurudi. Akalazimisha kupika kwa mkono wa kushoto. Akaungua, manda zikapasuka, wateja wakahama. Na mtaa wetu nao, lahaula! Mmoja atwambia ni jicho, mwengine atwambia jini wa kipwani. Tukanywa kombe, zile aya za wino zilizooshwa kwa maji, mpaka tumbo likawa wino mtupu.

Mejumaa si mtu wa kukaa na jambo. Akawa kiguu na njia. Leo Tudor, kesho Makadara, kesho kutwa Kizingo kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja wa bara aitwaye Rispah. Huyo alimpima kwa sindano na kinyundo, kisha akatwambia wazi, "Mama, mshipa wa fahamu umeumia. Sindano ikipigwa hapa yaweza kuuumiza hivi. Lakini hata mtu akilalia mkono akiwa na homa aweza kuumia hivi. Nithibitishieni kuwa alidungwa hapa, nami nitasimama mahakamani niyaseme yaliyobaki."

Tukaenda kwa wakili, Kioko, kijana wa Kikamba, mpole, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Akaandika barua, kliniki ikatoa nakala ya faili. Akatusomea. Kwinini, sindano moja, takoni. Basi. Na barua ya daktari chini yake: mgonjwa alilalia mkono.

"Kwa hivyo mimi mwongo?" Mejumaa akauliza.

"Karatasi ndiyo isemayo, mama," Kioko akajibu. "Wewe una maneno, yeye ana karatasi. Na sheria yatupa miaka mitatu tu toka siku ulipoumia. Ikipita siku moja, mlango umefungwa."

Toka siku hiyo nyumba haikukalika. Mejumaa aketi, ainuke, aende dirishani, arudi, anifunulie sufuria zangu kana kwamba faili imefichwa humo. Usemi wake ulikuwa mmoja. "Siutaki mkono, wifi, mkono nshauzika. Nataka iandikwe zilikuwa mbili." Mimi nami, mdomo wangu mbaya, siku moja nilimfokea, "Ungelijua kuitaja hiyo ya pili siku ile ile kliniki, mbele za watu, tusingelifika hapa!" Nilijuta siku hiyo hiyo, lakini kumwomba msamaha wifi ni kazi nzito, nikampikia mbaazi badala yake.

Mwaka wa tisini na sita, Daktari Mbwana akajaaliwa kwenda Hija. Nanyi mwajua ada yetu. Mwenye kwenda Makka hazibebi dhambi za watu. Hupita nyumba kwa nyumba akaaga na kuomba radhi. Alipita mtaa mzima. Kwa muuza maziwa nilimsikia kwa masikio yangu, "Niwie radhi kwa nilokukosea nikijua na nisipojua." Ndivyo isemwavyo, kwa kila mtu. Kisha akabisha kwetu.

Mejumaa akatoka ukumbini na mkono wake umening'inia. Daktari hakumtazama usoni. Akasema, "Bi Mejumaa, niwie radhi kwa ile sindano ya mkono."

Mimi nilikuwa mlangoni na gilasi ya sharubati. Nilisikia kila neno.

Mejumaa naye, kwa malezi aliyolelewa, akajibu la kujibiwa, "Nimekuwia radhi duniani na akhera. Mungu akutakabalie." Daktari akatoka. Nikamrukia Mejumaa, "Umesikia alivyosema?" Akanikata, "Nshamwia radhi. Neno la radhi halitolewi nje. Ukilitoa, wewe na mimi basi."

Nikanyamaza. Si kwa kupenda, wallahi. Miezi minane nilikuwa nalala na neno hilo kooni.

Januari ya tisini na saba Kioko akatwita. Muda ulikuwa umebaki wiki mbili. Akakunja faili mbele yetu. "Nasikitika, mama. Hatuna kitu. Nikiipeleka hivi itatupwa."

Mejumaa akainuka, akaketi, akainuka tena. Nikasema moyoni, mficha uchi hazai. Nikafungua mdomo. "Daktari alikuja kwetu kuomba radhi kabla ya Hija."

"Wifi!" Mejumaa akanguruma.

Kioko akapepesa macho. "Alikuja kuwapa pole?"

"Ebo! Pole gani?" nikamwakia. "Pole hata wewe utanipa nikijikwaa ngazini kwako. Pole haina mwenye kosa. Radhi huombwa na aliyekosa, kwa aliyemkosea! Na yule hakusema nikijua na nisipojua kama alivyomwambia muuza maziwa. Alisema kwa ile sindano ya mkono. Ile! Mkono!"

Kioko akafungua faili tena, taratibu. "Mama," akamwambia Mejumaa, "mbona hukunambia haya?"

"Kwa sababu nshasamehe."

"Sheria haikuulizi kama umesamehe. Yakuuliza lilotokea."

Alinitangulia njia nzima. Nilidhani nimemkosa. Tulipofika mlangoni, bila kunigeukia, akasema, "Kesho asubuhi tukatie sahihi." Kesi ikafunguliwa siku nane kabla ya mlango kufungwa.

Kusikizwa kulichukua mwaka na zaidi. Mara hakimu yuko likizoni, mara wakili wao mgonjwa. Siku ilipofika nilitoa ushahidi wangu. Mkalimani, kijana wa bara, akaitafsiri radhi kuwa "sorry", neno nilijualo hata mimi, yaani pole. Nikamkatiza mbele ya hakimu, "Si pole! Sikusema pole!" Hakimu akanikemea, kisha akaniuliza tafauti. Nikamweleza kama nilivyomweleza Kioko, ila sikumwambia ebo.

Ikawa zamu ya Mejumaa. Wakili wa daktari, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akamuuliza, "Ulimsamehe daktari?"

"Nilimsamehe."

"Kwa moyo wako?"

"Kwa moyo wangu. Duniani na akhera."

"Basi leo wataka nini kwake?"

Mejumaa akamtazama daktari, aliyekuwa ameketi na kofia yake ya Haji. "Nataka awaambie nilimsamehe nini."

Daktari Mbwana akaapishwa, mkono juu ya Msahafu. Wakili wake akampitisha kwenye faili: kwinini, moja, takoni. Akaitikia yote kwa sauti ndogo. Kisha Kioko akainuka, akauliza swali moja tu. "Bwana Haji, siku ile uliomba radhi ya sindano gani?"

Wakili wao akapinga. Hakimu akasema ajibu. Daktari akautazama Msahafu. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mejumaa, ule mbovu, bila kujua.

"Zilikuwa mbili," akasema. "Ya pili nilimpiga mkononi. Nilikuwa na haraka, sikuiandika. Aliporudi na mkono umelegea, nikaogopa kuiandika."

Wakili wake akaketi. Hakimu akainamisha kichwa, kalamu yake ikaenda juu ya karatasi. Mejumaa aliinuka pale pale, bila ruhusa, akinyoosha shingo kutazama kalamu, ingawa Kiingereza hakijui.

"Wifi, yuaandika nini?"

Nikamtazama mkalimani, naye akanong'ona. Nikamwambia, "Aandika alivyosema daktari."

"Kaandika mbili?"

"Mbili."

Hapo ndipo Mejumaa alipolia. Alilia kwa sauti, kichwa wazi, buibui limemteremka mabegani, mbele ya hakimu na mawakili, na hapana mtu aliyemwambia anyamaze.