Mkanda wa Mama Shoka

Buchani kwake hapakuwa na mzaha. Mama Shoka alipasua mifupa tangu asubuhi, mkono juu, mkono chini, vipande vikiruka mpaka usoni, na mteja aliyeleta maneno mengi aliulizwa kama amekuja kununua nyama au kuposa. Watu walimcheka na kumwogopa kwa pamoja. Shoka lake lilining'inia msumarini, na hakuna aliyethubutu kuliazima.

Basi mwanamke huyohuyo, mwenye mikono ya kuvunja paja la ng'ombe, alikuwa akipiga picha kwa kamera ya mkanda. Si ya kazi, ya raha zake tu. Aliinunua kwa mzee wa studio siku studio ilipofungwa, na mzee akamfundisha kusafisha mkanda mwenyewe, bafuni, dirisha limefunikwa na taulo limezibia chini ya mlango, mwanga usiingie. Mdogo wake wa kiume, dereva wa pikipiki aliyekaa kwake na kula kwake, hakukosa la kusema nje ya mlango huo.

"Dada, unaoga au unapika pombe?"

"Napika sumu yako," humjibu, na wote wawili hucheka.

Alichopenda ni kule kusubiri. Simu ukiibonyeza inakupa picha hata hujaitamani. Mkanda unakunyima, unakunyima, mpaka uumalize na uusafishe, ndipo unaunyanyua mbele ya dirisha maji yakichuruzika, unamwona paka wa jirani amelala juu ya gogo la kukatia nyama, cheupe kimekuwa cheusi na cheusi kimekuwa cheupe, unajikuta unacheka peke yako bafuni kama mwehu. Siku nzima alikuwa mtu wa kukata na kuvunja. Kule bafuni roho yake ilitulia.

Alasiri moja alikuwa uani akipiga picha ndoano tupu zilizopangwa ukutani, aliposikia kelele upande wa kijiwe cha pikipiki. Kelele za ugomvi alizijua. Hizi zilikuwa za watu wanaofurahi. Akatoka mbio, kamera shingoni.

Walikuwa wamemweka mtu kati, shati limeshachanika, wanampiga. Alikuwa ameiba, tusidanganyane: betri ya pikipiki ilitolewa kwapani kwake. Lakini betri ilisharudi kwa mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye aliyekuwa akishindilia mateke ya mbavu. Mwingine alichapa kwa mnyororo. Mwingine alimkanyaga vidole, kimoja baada ya kimoja, taratibu, kama anazima sigara. Mama Shoka anaujua mlio wa mfupa ukivunjika, na aliusikia. Akapaza sauti kwamba watamuua, sauti ikamezwa na vicheko. Akavuta shati la mmoja, akasukumwa, akaanguka matako chini.

Akiwa hapohapo chini, kwa kukosa la kufanya, akanyanyua kamera. Kacha. Mwenye mnyororo akageuka, akaiona, akaficha uso kwa kiwiko. Mama Shoka akasogeza mkanda mbele. Kacha tena. Wa vidole akarudi nyuma. Binadamu ni kiumbe cha ajabu jamani: kumuua mtu mbele ya mtaa mzima hawaoni haya, picha wanaikimbia. Duara likalegea, mwizi akapata pa kutambaa, akainua kichwa.

Na hapo, katika kidirisha cha kamera, dada mtu akamwona mdogo wake. Ameshika tofali kwa mikono miwili, ameliinua juu. Likashuka. Kidole cha Mama Shoka kilibonyeza wakati huohuo, hata hakujua kama ni kwa kusudi. Yule mtu akaacha kutambaa. Mdogo mtu akamwona dada yake, akatupa tofali, akatimua mbio.

"Futa hizo picha," alisema mwenye mnyororo, jitu refu.

"Hazifutiki."

"Nimesema futa."

"Hii ni ya mkanda, baba. Haifutiki."

Jitu likampokonya kamera, likaigeuza kutafuta kioo, kioo hakuna. Likadhani amekificha mahali. Ngumi ya kwanza ilimpasua nyusi, ya pili ikaondoka na jino. Naye hakuwa wa kupigwa bure. Alimpa kichwa cha pua, pua ikalala upande, na wenzake walipomwangukia akamng'ata mmoja sikio mpaka akaonja damu. Mwishowe walimkalia mgongoni, wakaigongagonga kamera kwenye ukingo wa mtaro mpaka ikafunguka, wakauvuta mkanda wote nje, mrefu kama utumbo wa mbuzi, wakaukanyaga, wakautupa mtaroni.

Wale walikuwa vijana wa simu, walitaka tu asibaki na ule mkanda. Hawakujua kwamba jua lilishamaliza kazi, kwamba mkanda ukipigwa na mwanga umeungua, picha hakuna tena. Yeye alijua. Hata hivyo aliuokota, damu ikimdondoka kidevuni, akauviringisha na kuutia mfukoni mwa aproni. Mwizi alipakiwa kwenye mkokoteni, akapelekwa hospitali hajitambui.

Jioni ile mdogo wake alirudi na barafu kwenye mfuko, akakaa kitandani pa dada yake kumkanda uso.

"Watu gani hawa wanampiga mwanamke? Nitawatafuta mmoja mmoja."

"Wewe ulikuwa umeshika nini?"

"Mimi? Mimi nilikuwa naamua ugomvi, dada."

"Mkononi, nakuuliza."

"Sikushika kitu. Haki ya mama aliye kaburini."

Alimzaba kofi mpaka barafu ikatapakaa sakafuni. Tofali angelivumilia usiku ule, lakini si kutajiwa mama. Kijana akashika shavu, akarudia kiapo chake neno kwa neno, akatoka.

Siku zikaenda. Polisi walikuja kuuliza, na mtaa mzima ukawa haukuona kitu. Mama Shoka alikwenda hospitali, akamkuta yule bwana amefungua macho lakini hasemi, kichwa kimefungwa bandeji, mkewe anamlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Akarudi buchani akakata mifupa kwa hasira hata mteja mmoja akaacha chenji. Nyumbani mdogo wake alikula, akashiba, akasimulia vichekesho vya abiria. Huyu ni mtoto aliyembeba mwenyewe mgongoni. Kumtaja polisi hakuweza. Ila alitaka kijana akiri mwenyewe, kwa mdomo wake, lile tofali, basi. Asipolikiri, aliona hataweza kukaa naye nyumba moja tena, na ndugu mwingine hana.

Asubuhi moja ya mapumziko akajifungia bafuni, akausafisha ule mkanda. Kwa nini, hata yeye hakujua. Mazoea, labda, au ubishi. Ukatoka kama alivyotarajia, mweusi ti, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa bado ameunyanyua mbele ya dirisha mlango ulipogongwa, na safari hii hapakuwa na utani.

"Dada, unaosafisha ndio ule?"

"Ndio ule."

"Si waliutoa?"

"Waliutoa, wakautupa. Nikauokota."

"Na umetoka?"

Ndipo wazo likamjia Mama Shoka. Akafungua mlango. "Njoo uone."

Akaja, akasimama karibu na bega lake. Miaka yote alikuwa akiambiwa kwamba kwenye mkanda cheupe huwa cheusi, na hakuwahi kujali. Sasa aliutazama ule weusi kama mgonjwa anayeonyeshwa picha ya mifupa yake na daktari.

"Mimi niko wapi?"

Mama Shoka akaweka ukucha katikati ya weusi. "Huyu."

Akautazama muda mrefu.

"Sikulenga kichwa, dada," alisema. "Nililenga mgongo. Aliinua kichwa."

Maneno hayo ndiyo Mama Shoka aliyoyatafuta siku zote hizo. Akakaa juu ya ndoo akalia, kamasi zikimtoka, uso bado una uvimbe. Mdogo wake alisimama palepale, hajui pa kuweka mikono. Kisha dada mtu akajifuta kwa kiganja.

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Hospitali. Ukamwambie mkewe kama ulivyoniambia mimi. Baada ya hapo, polisi ni juu yake yeye."

Kijana akakaa kizingitini, akavaa kimoja. "Tuubebe na mkanda?"

"Hauna kitu huo. Uliungua siku ileile juani. Hakuna picha hata moja."

Mkono wake ukasimama juu ya kiatu cha pili. Akamtazama dada yake, akaitazama pikipiki yake iliyoegeshwa nje, ufunguo ukining'inia mahali pake. Kijana akainama, akavaa na cha pili.