Watu Hawahesabiwi

Safari yangu ya kwanza kwenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo, mwili ulifika asubuhi na akili ikafika jioni. Ndege mbili, na katikati yake saa sita za kukaa kwenye kiti cha chuma, uwanja wa watu ambao hata chai yao sikuweza kuishusha bei. Usingizi niliupata vipande vipande, kama mabaki ya kitambaa. Kabla ndege ya pili haijaruka, mhudumu alipita katikati yetu akibonyeza kidude mkononi, kila kichwa bonyezo moja. Alifika nyuma, akageuka, akatuhesabu tena. Wenzangu walikuwa wanafunga mikanda. Mimi, mwanamke mzima mwenye duka Kariakoo, niliinama nikajificha nyuma ya kiti cha mbele ili nisihesabiwe. Ungekuwapo ungenicheka.

Hotelini wakasema chumba mpaka saa nane mchana. Nikabishana nao, na nilichoambulia ni mahali pa kuweka begi na glasi ya chai ya bure. Nikashuka mpaka baharini, kwenye gati la mawe ambako vivuko vinaingia na kutoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Shakwe walilia kama watoto wanaogombana nyumba ya tatu, na ng'ambo ya pili ilionekana minara mitupu, bila nyumba chini yake. Palikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka majini. Nikahesabu zilizo kavu: saba. Nikarudia: saba. Nikakaa nikasubiri maji yatoke au yajae, maana mtu wa Mafia akikaa pwani husubiri moja kati ya hayo mawili hata kama hajui kwamba anasubiri. Nikasinzia, nikaamka. Saa mbili nzima zilikuwa zimepita. Ngazi saba.

Bahari ya kule haitoki wala haijai, au ikifanya hivyo inafanya kwa siri. Sijawahi kuogopa kitu kilichotulia namna ile. Ilikuwa kama kukaa na mtu usimwone akivuta pumzi. Na pale pale, ndani ya harufu ya samaki wa kukaangwa na moshi wa vivuko, nikajikuta niko Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, nina miaka tisa, miguu imo kwenye maji ya vuguvugu.

Nililelewa Chole na bibi mzaa mama. Kisiwa chenyewe ukikizunguka kwa miguu unarudi ulikotoka maharage hayajaiva. Alfajiri popo walirudi kwenye miti yao wakagombania matawi kama wapangaji, na kelele zao ndizo zilizotuamsha. Ilikuwa ile miaka hifadhi ya bahari imeshakuja, na maboya yake, vibali vyake na boti yake ya injini, na watu wazima waliamka wakiulizana leo kimekatazwa nini. Wanaume walivua pale waliporuhusiwa. Wanawake walilima mwani kwenye fungu la mchanga katikati ya ghuba. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka, fungu linachomoza jeupe, na kamba za mwani zimelala juu yake mstari kwa mstari, zimefungwa kwenye vigingi. Unapewa saa tatu, tatu na nusu ukibahatika. Kisha bahari inarudi kuchukua chake, na haibembelezeki.

Mwani una harufu ya kitu kinachotaka kuoza ila hakijaamua. Mpaka leo nikiisikia naona njaa, kwa sababu bibi alifunga kwenye kitambaa muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu, na sisi tuliula kwa vidole vilivyotoka majini, hauhitaji chumvi.

Sasa nikueleze jambo lililonitesa. Kwetu watu hawahesabiwi. Kuku watahesabiwa, nazi zitahesabiwa, hata mbuzi wa jirani. Mtu hahesabiwi, na hasa akiwa chomboni. Bibi alikuwa na msemo wake: "Ukihesabu watu unamwita asiyekuwepo." Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu. Nilizaliwa na kuhesabu kama wengine wanavyozaliwa na kikohozi. Nilihesabu hatua za kisimani, vigingi vya mwani, meno ya bibi alipocheka, na kila kitu mara mbili, maana mara ya kwanza unaweza kujidanganya.

Kujua kama watu wametimia, wanawake wale walitumia vijiti. Mkishuka fungu, kila mtu anachomeka kijiti chake mchangani karibu na nanga. Wakati wa kuondoka kila mtu anang'oa chake. Kijiti kikibaki, kuna mtu amebaki, na chombo hakiondoki. Siku moja askari wa hifadhi alimuuliza bibi ana kibali cha fimbo ile ya mkoko. Bibi akamwambia kijiti chake kimeijua bahari hiyo kabla ya hifadhi, labda kijiti ndicho kimpe yeye kibali. Askari akajifanya anaangalia injini.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa bara, kwao hakuna bahari ya kuonyesha mgeni. Alipanga chumba kwa bibi. Jumapili alisali peke yake akiimba taratibu, na bibi alizima redio ili amsikilize. Shuleni alituhesabu kila asubuhi akitunyooshea chaki, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo: alikuwa mtu mzima wa kwanza kufanya hadharani nilichokifanya kwa kujificha. Likizo ya kusi aliomba kwenda nasi kuona mwani. Jirani yetu, mama mmoja ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alimwambia, "Leo wewe ndiye mwanafunzi. Vua viatu, na ukichelewa unachapwa." Mwalimu akacheka, akavua viatu vyake vya darasani, akaviweka chini ya ubao wa kukalia.

Njiani aliuliza, bila kuhesabu mnajuaje mmetimia. Bibi akamweleza vijiti. Akaona ajabu. Bibi akamalizia, "Kijiti hakina roho, mwanangu. Kihesabu utakavyo." Kisha akanipa vijiti viwili, changu na cha mgeni, nivichomeke mimi. Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na nahodha na mimi. Ndiyo, nilihesabu, ndani ya kanga, kwa vidole vya miguu na mkono mmoja.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka wingu lilipotokea upande wa kusi. Halikuwa kubwa. Lilileta manyunyu meupe, membamba, yale yanayofuta bahari pole pole kama mtu anayefuta ubao. Chole ikapotea, Utende ya ng'ambo ikapotea, maboya ya hifadhi yakapotea moja moja. Maji nayo yalikuwa yameanza kurudi. Wanawake wakapakia magunia mbio mbio, kanga vichwani, kila mtu anang'oa kijiti chake na kuruka ndani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikasimama mchangani nikaangalia vichwa vilivyofunikwa. Kumi, na mimi wa kumi na moja. Nikarudia. Kumi, na mimi wa kumi na moja. Basi mwalimu yumo. Mchangani vilibaki vijiti viwili, changu na chake. Mtoto mwenye adabu hamwachii mkubwa wake ashuke ainame. Nikaving'oa vyote viwili, nikapanda. Nahodha akatazama mchanga, akauona mtupu, akasukuma chombo kwa upondo, ule mti wake mrefu.

Tulikwenda kama nusu ya njia. Nilikuwa nimemwekea mwalimu kombe moja la simbi lenye madoa, nikataka kumpa. Nikamtafuta. Wanawake wale niliwajua kwa kanga zao kuliko kwa sura zao, hivyo nikawataja mmoja mmoja moyoni, na kila kanga ilikuwa na mwenyewe. Isipokuwa iliyokuwa mbele kabisa, kwenye omo. Aliyeketi pale ametupa mgongo. Kanga yake ilikuwa nyeusi kwa maji. Sisi wote tulikuwa tumelowa kwa manyunyu. Yeye alikuwa anachuruzika. Nikaita kwa sauti ndogo, "Mwalimu." Hakugeuka. Nikatazama chini ya ubao. Viatu vya darasani vilikuwapo, soksi zimekunjwa ndani yake.

Niliingiwa na baridi ambayo mpaka leo sijapata nguo ya kuizuia, na mimi nauza nguo. Kumwambia bibi ni kukiri kwamba nimehesabu watu chomboni, tena mara mbili. Kunyamaza ni kumwacha mwalimu kwenye fungu ambalo saa hiyo lilikuwa linazama, na hajui kuogelea. Sitakudanganya kwamba niliamua haraka. Nahodha alisukuma upondo mara tano, labda sita.

"Bibi, mwalimu hayupo."

"Si kijiti chake kimeng'olewa?"

"Nimeking'oa mimi. Nilihesabu, nikaona tumetimia."

Nilisubiri kofi. Bibi hakunigusa. Hakutazama mbele pia. Kila mtu angetazama. Yeye alitazama mikono yake. Akasema kwa sauti ile ile ya kuomba apewe kata ya maji, "Nahodha, geuza chombo." Nahodha akauliza tumesahau nini tena, sufuria? Bibi akasema, "Tumemsahau mgeni." Hakuna aliyecheka. Kisha akanivuta uso mpaka kifuani kwake, akaninong'oneza nisihesabu tena na nisitazame omo.

Wanawake walipiga maji kwa mikono, kwa mabeseni, kwa chochote. Jirani mwenye ulimi alikuwa anasoma dua na kulia papo hapo. Fungu halikuwapo tena. Palikuwa na maji tu, ya rangi ya maziwa, na katikati yake mwalimu amesimama, maji yamemfika kwapani, amekumbatia kigingi cha mwani kama mtu anayemkumbatia mwanawe. Midomo inatembea, sauti haitoki. Jirani akaruka akamshika, wakamvuta ndani pamoja na kamba na kigingi chenyewe. Mwalimu akataka kukaa mbele, palipokuwa na nafasi. Bibi akamshika mkono.

"Si hapo, mwanangu. Njoo ukae na mimi."

Nilikatazwa kuhesabu, nikahesabu. Kumi na mmoja. Omo palikuwa na gunia la mwani na maji yaliyotuama.

Tulipofika Chole bibi alituteremsha wote kwa nyuma. Akachukua kipande cha muhogo kilichobaki, akakiweka pale mbele, akasimama kidogo kama mtu aliyemtolea mgeni chakula na anaona haya kumtazama akila. Nahodha hakukitumia chombo kile siku tatu. Mimi sikuchapwa, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Shule ilipofunguliwa mwalimu hakunyoosha chaki tena. Alituita kwa majina, jina moja moja, akisubiri mpaka mwenyewe aitike na amwone midomo ikifunguka.

Mwanamke wa biashara mwenye akili timamu atakwambia nilihesabu gunia. Gunia limefunikwa kanga, mvua, haraka, mtoto wa miaka tisa. Nami nasema hivyo hivyo, hasa mchana.

Yote hayo yamekwisha. Mwani wa fungu lile ulianza kufa maji yalipozidi kuwa ya moto. Kamba zilitoka na ute mweupe, mama mmoja mmoja akaacha. Fungu nalo limehama, limekwenda kujilaza kwingine kama mchanga unavyotaka, na kijana aliyenipeleka mwaka juzi alinionyesha maji ya kina akasema hapo hapajawahi kuwa na kitu. Nahodha amefariki. Jirani amefariki, nadhani ndiyo mara ya kwanza amenyamaza. Bibi nilimzika mwenyewe, na vijiti sikuvikuta uvunguni alikokuwa akiviweka.

Kati ya watu wazima wa siku ile nilikuwa najua amebaki mwalimu tu, na sikujua yuko wapi. Mwaka jana akaingia dukani kwangu kutafuta gauni la harusi ya mjukuu wake. Amezeeka, amevaa miwani minene. Alinitambua kabla sijamtambua, kwa namna nilivyokuwa nahesabu vitenge mara mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikampa kigoda, nikaagiza chai. Tuliongea mengi ya Chole, popo, papa mkavu, askari wa hifadhi na injini yake. Siku ya fungu hatukuigusa, mpaka aliposimama kuondoka.

"Hivi yule mama aliyekaa mbele kabisa, bado yupo?"

Nikamuuliza mama yupi.

"Yule wa kanga nyeusi. Siku ile niliwaita kutoka ncha ya pili ya fungu mpaka sauti ikakatika, hakuna aliyenisikia. Yeye peke yake ndiye aliyegeuka. Alinitazama mpaka manyunyu yakawafunika. Nikajua huyu atawaambia. Ndiye aliyewaambia, sivyo? Maisha yangu yote nimetaka kumshukuru."

Nilikunja gauni lake, nikalikunja tena. Nikamjibu kwamba yule mama alishafariki zamani. Sidhani kama nilidanganya.