Utepe Nilioufungua kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili mjini Durban, Mkuu wa Nyaraka, mzee Mkongo aliyevaa tai hata katika joto la Februari, hakunipa kalamu. Aliniamuru nisome kwa sauti tuzo nzima, yaani uamuzi wa wasuluhishi ambao wagombanao huwachagua wenyewe badala ya kwenda mahakamani.

“Umeona nini?” akauliza.

“Karatasi, mzee.”

“Karatasi! Hii itavuka bahari, na jaji asiyekujua ataitii. Iko karatasi gani ingine inafanya vile?”

Nilistaajabu, na mshangao ule haukunitoka miaka yote niliyotafsiri tuzo na hukumu.

Nilikuwa tayari mfasiri mwandamizi nilipokosea. Mama Zawadi, Mkongo mwenye kiwanda kidogo cha sabuni huko Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, alikuwa amegombana na muuzaji wa Ulaya aliyemuuzia mashine, naye muuzaji akaifunga mashine hiyo kwa njia ya mtandao. Wasuluhishi walioketi Durban waliamuru ifunguliwe. Muuzaji akakimbilia mahakama ya kwao, akidai kwamba wasuluhishi hawakuwa na mamlaka. Ilitupasa kuifikisha tuzo huko kabla ya shauri kusikilizwa. Wafanyakazi wa Mama, wote wanawake, walikuwa wamekaa bure, na wawili walikwisha kurudi kubeba mizigo katika soko la Warwick.

Nakala iliyothibitishwa hufungwa kwa utepe unaopita katika kurasa zote na kubanwa kwa lakiri, ili ukurasa usiongezwe wala kuondolewa. Mimi, nikitaka kupiga fotokopi safi, niliufungua. Lakiri ilibanduka bila kuvunjika. Nikairudisha, nikaufunga utepe kwa ustadi unaoniaibisha hadi leo. Hakuna ambaye angejua.

Nilimwendea Mkuu, nikamweleza.

“Sasa utepe huu unasema uongo,” alisema. “Kamwambie mwenye tuzo. Weye, si mimi.”

Mama Zawadi aliposikia, akaniuliza: “Papa, vitabu vyote ile umesoma, na umeshindwa na kamba?” Kisha sauti ikashuka. “Wanawake yangu niwaambie nini?”

Niliomba uthibitisho mpya, na kwa kuwa nakala isingewahi, tulitanguliza kwa barua pepe hati ya kiapo iliyoeleza kosa langu kama lilivyokuwa. Wakili wetu wa kule alituarifu kwamba jaji aliisoma mara mbili, akauliza tu kama siku kumi zingetosha nakala mpya kufika. Muuzaji alipinga vikali. Jaji akaahirisha shauri. Nakala ilifika, tuzo ikatambuliwa, mashine ikafunguliwa.

Sasa nimestaafu, nami nasoma mapendekezo ya kurekebisha sheria ya Ulaya kuhusu hukumu za mahakama. Yapo yanayotaka mahakama isimame kwanza pale usuluhishi unapopingwa, ili hukumu na tuzo zisigongane. Wiki iliyopita nilimweleza Mama Zawadi hayo kiwandani kwake, nikilazimika kupaza sauti kwa ajili ya mashine.

“Kwa hiyo jaji atalazimishwa kungoja?”

“Yakipita. Lakini yanahusu hasa usuluhishi unaofanyika hukohuko Ulaya.”

“Na siye wa huku?”

“Sijaona mahali tulipotajwa, Mama.”

Akaukata mche wa sabuni, akaupanga juu ya mwenzake.

“Ile jaji yetu,” alisema, “hakuna mutu alimulazimisha kungoja.”

Vijana mnaoingia katika kazi hii, nimesoma sheria nyingi. Sijaona iliyoweza kuandika jambo hilo.