Mbwa Asiyebweka na Mbwa wa Mbuzi

Mama alipofariki sikulia. Nilikuwa na shughuli. Nilihesabu viti vya kukodi kabla ya kuvirudisha, nikavihesabu tena, vikatimia, nikarudi sokoni Kwa Mrombo kuuza viatu vya mitumba. Watu wakasema nimejikaza. Wala sikujikaza. Nilikuwa sisikii kitu, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Tulimchukua baba aje akae nasi mtaani kwetu Sakina, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila asubuhi akimaliza chai alishika fimbo yake akatoka kwenda kutafuta mbuzi wake. Mbuzi wenyewe aliwauza nikiwa bado niko shule. Ukimkumbusha, anakubali: "Kweli, niliwauza." Kisha anavaa viatu. Ili awatafute ilibidi avuke barabara ya Nairobi, na mabasi ya pale hayana shikamoo kwa mtu. Mafundi wa gereji walishamrudisha kwa bodaboda zaidi ya mara moja.

Mke wangu ndiye aliyesema tumtafutie mbwa wa kutembea naye.

Mbwa wa kwanza tulimwona Engutoto. Mwenye nyumba alikuwa mgeni anayerudi kwao, akatuachia mtunza bustani atuonyeshe. Mbwa mwekundu, mwembamba, mkia umejikunja kama kitumbua kilichoharibika. Basenji, tukaambiwa, asili yake Kongo.

"Anabweka?" nikauliza.

"Habweki. Aina yao ndiyo hiyo. Sauti anayo, lakini ni kama mwanakwaya mwenye mafua."

"Akiitwa anakuja?"

"Anakusikia."

"Nimeuliza anakuja?"

"Bosi, si nimekwambia anakusikia."

Nilimkagua kama ninavyokagua kiatu: nyayo, meno, masikio, halafu nikaanza upya. Hakuwa na kasoro. Tena alikuwa wa bure, na hilo ndilo lililonisumbua, maana kitu cha bure sijui nianzie wapi kukipunguza bei. Yule mbwa akalamba mkono wake, akajipangusa uso.

"Huyu ni paka," akasema baba, ambaye tulikuja naye. "Mwenyewe anajua?"

Wa pili alikuwa kwenye boma moja juu ya Ngaramtoni, kwa mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu pale anamwita yeyo, yaani mama. Mbwa wake alikuwa na rangi ya vumbi na sikio lililochanika, amelala katikati ya mbuzi. Tulipoingia alibweka mara moja tu, kwa sauti iliyonifikia tumboni, akalala tena.

"Shikamoo yeyo. Huyu anamsikiliza nani?"

"Marahaba. Anasikiliza mbuzi."

"Na watu?"

"Watu wana nini cha kumwambia?"

Akanieleza kwamba mbwa wa mifugo huwekwa zizini akiwa bado mdogo kabisa, ananyonya mbuzi, analala na watoto wa mbuzi, mpaka anajiona ni mmoja wao. "Ukimtaka, chukua na hawa wawili aliokua nao."

Nikacheka. Ujanja huo naujua. Sokoni tunauza kiatu kizuri pamoja na mkanda usio na mnunuzi. "Yeyo, mimi nimekuja kwa mbwa."

"Ero, kijana, wewe umekuja kwa mbwa. Yeye hajaja kwako."

Usiku ule mke wangu aliweka hesabu vizuri. "Yaani tuchague kati ya anayesikia asije na anayesikiliza mbuzi tu." Basi tukachagua sauti. Baba akitumbukia korongoni, yule wa Engutoto angekaa pembeni ananawa uso. Nilirudi kwa yeyo, nikabishana hadi chai ikapoa, akaniachia mbwa peke yake. Mwishowe alikubali kirahisi mno. Mtu wa soko kama mimi nilipaswa kushtuka.

Nilimfunga kwenye mpera. Hakula. Alikaa ameelekea mlimani alikotoka, hata Meru ilipokuwa imefunikwa na mawingu.

Kesho yake mke wangu akanipigia simu sokoni. Baba hayupo, mbwa hayupo. Nilikuta kamba chini ya mpera, imefunguliwa bila kukatwa, imekunjwa vizuri.

"Mzee kapita na mbwa," wakasema mafundi. "Tukajua leo ana mtu, tukamwacha."

Nilipanda bodaboda kuelekea Ngaramtoni. Nilitazama mtaro wa kushoto, mtaro wa kulia, kisha nikamwambia dereva arudi nyuma nitazame tena. Ningepaswa kuogopa. Nilichokuwa nawaza ni kwamba viti vya kukodi siku ya msiba wa mama havikutosha, watu wengine walisimama.

Baba alikuwa bomani, amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, mkononi kikombe cha maziwa. Mbwa amelala kwa mbuzi wake wawili.

"Mzigo wako umefika," akasema yeyo.

Baba akaniangalia. "Nani amemfunga mbwa huyu?"

"Mimi, mzee."

"Mbwa wa mifugo hafungwi. Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Nilisahau."

"Wengi wanasahau," akasema kwa upole, kama anavyosema mtu na mpita njia.

Nikawanunua mbuzi. Nilitaja bei ya chini. Yeyo akataja ileile aliyoitaja siku ya kwanza. Nikalipa.

Siku hizi mbuzi wanatoka asubuhi kwenda kwenye viwanja visivyojengwa, upande wetu wa barabara. Lami hawaitaki, honi zinawatisha. Mbwa anafuata mbuzi, baba anafuata mbwa. Jua likishuka mbuzi wanakumbuka pumba iliyoko nyumbani, wanageuka, na msafara mzima unageuka nao. Hakuna anayeitwa, hakuna anayeitika.

Nasimama getini nawahesabu. Mbuzi wawili, mbwa, mzee. Nahesabu tena.

"Hawa umewanunua?" baba ananiuliza.

"Ndiyo, baba."

"Bei gani?"

Siku ya kwanza nilimtajia bei ya kweli. Akatikisa kichwa, akasema nimepunjwa, akaingia ndani kunawa mikono. Kesho yake akauliza tena, nikapunguza kidogo. Kila jioni anauliza, na kila jioni napunguza. Tumeshafika bei ambayo haiwezi kununua hata kuku.

Bado nimepunjwa.