Dada Kiganja na Chumba cha Nyuma

Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri, na mafundi walimwita Kiganja. Kila nyumba mpya aliingia jua likiwa utosini, akafunga milango na madirisha, akaketi na mwenye nyumba, kisha akabandika kiganja ukutani na kutulia. Halmashauri ilikuwa imepitisha sheria ndogo: nyumba mpya iwe na madirisha yanayotazamana na, juu ya dari, tabaka la pamba ya kuzuia joto. Mafundi waliliita blanketi. Shabaha ilikuwa watu walale bila kiyoyozi, umeme usiteketee bure, na jenereta zisitufukizie moshi. Aliyetimiza alipunguziwa kodi ya jengo. Asiyetimiza hakuhamia.

Siku ya kukagua nyumba ya kaka yetu mkubwa, dada alisali kirefu kuliko kawaida yake. Kaka alikuwa amemjengea mama chumba cha nyuma, na virago vya mama tulishavifunga. Mama ana presha, na daktari alimkataza joto.

"Si umwachie mkaguzi mwingine?" nilimwambia.

"Kaka kaniomba mimi mwenyewe. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Tulikwenda watatu: dada, mama na mimi. Kaka alitupokea mlangoni, meno yote nje.

"Karibu Mheshimiwa Kiganja. Futa viatu, usije ukanitoza faini kwa vumbi lako mwenyewe."

Sebuleni palikuwa shwari kabisa. Dada alifunga kila kitu, akagusa ukuta, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Fundi wa dari alisimama pembeni akitazama vidole vyake vya miguu.

"Haya, nipitishie tukale," kaka alisema.

Dada alikuwa akimtazama yule fundi. Kisha akamshika mama mkono. "Mama, twende tukakae chumbani kwako."

"Kule hakujafagiliwa," kaka akadakia. "Na mkaguzi siku zote hukaa sebuleni."

"Leo mkaguzi kaja na mwenye chumba."

Tuliingia sote pamoja na fundi, dada akafunga mlango na madirisha. Joto lilitushukia mabegani kama mzigo. Juu ya dari mabati yalikuwa yakialika, tak, tak. Kaka alianza kusifia vigae, akahamia kwenye rangi, akaishiwa maneno. Mama alijifuta shingo kwa ncha ya kanga. Dada alikuwa amemshika kifundo cha mkono, akisikiliza mapigo yake.

"Mama, ukisema basi, tunatoka."

"Fungua mlango, unamuumiza," kaka alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Subirini," mama akasema. Alimgeukia kaka. "Mwanangu, juu ya kichwa changu umeweka nini?"

Kaka alimtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Hakuna kitu, mama. Blanketi nimeweka sebuleni tu. Huyu si hukaa sebuleni?"

"Kumbe nyumba umemjengea mkaguzi."

Fundi alikohoa, lakini sote tulijua kuwa kile si kikohozi, ni kicheko. Dada alifungua mlango, akampeleka mama kivulini, akampa maji. Kaka alimfuata mpaka uani.

"Ukitoka hapa bila kunipitishia, usiniite kaka tena."

"Sikupitishi," dada alisema. "Weka blanketi kote, utampata mkaguzi mwingine. Mama atarudi na mimi."

Tulipofika barabarani alikaa juu ya tofali akalia, mama akimsugua mgongo.

Kaka aliweka blanketi. Mkaguzi mwingine akapitisha, mama akahamia. Lakini kaka na dada hawakusemezana tena. Mimi nilimwomba Mungu awapatanishe. Homa ikamchukua dada kabla hawajapatana. Mungu ndiye ajuaye.

Msiba tuliuweka kwa kaka. Adhuhuri, baada ya mazishi, wanawake walijaa chumba cha nyuma mpaka mlangoni, na hakuna aliyeulizia feni. Kaka aliingia, tukampisha. Alipita katikati yetu kama asiyetuona, akabandika kiganja chake ukutani.

"Gusa, mdogo wangu," alisema, kana kwamba dada yuko palepale. "Gusa mwenyewe."

Kiganja hakikubanduka. Mama alisogea kwenye mkeka, akamshika upindo wa shati na kumvuta taratibu mpaka akakaa.