Viroba vya Mchanga Bandani kwa Nguruwe

Juzi huko Lipingo nilifuatana na afisa wa halmashauri aliyekuwa anakagua viroba vya mchanga. Wananchi waligawiwa wavipange milangoni kuzuia mafuriko. Kwa mama mmoja jirani na ziwa, mlangoni hapakuwa na hata kimoja. Vyote vilikuwa vimepangwa kwa ustadi kuzunguka banda la nguruwe.

“Shikamoo mama,” afisa akasalimu. “Mbona viroba viko huku?”

“Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye kitoweo cha Komunio ya Kwanza ya mjukuu wangu. Akienda na maji, wageni niwapikie viroba?”

Afisa akavua kofia, akajikuna kichwa. “Sasa maji yakija, ninyi wenyewe mtalala wapi?”

Mama akaonyesha banda kwa kidevu. “Si mmetuambia tukimbilie mahali penye usalama? Lipingo nzima, kuna penye usalama kuliko hapo?”

Nguruwe akaguna. Nadhani hakupenda kuletewa wapangaji.

Afisa akanigeukia nimsaidie kumwelimisha mama. Nikajifanya naangalia ziwa. Mwenzenu nimealikwa kwenye hiyo Komunio.